Kutoa kadi ya grafiki ya zamani na kuweka nyingine kwenye Dell OptiPlex 7010, naomba utaratibu kabla sijaigusa tena

mchapaji_tmk

Wakuu habari za jioni. Nina desktopu ya Dell OptiPlex 7010, ile tawa ya kusimama, mtumba, Core i5 ya kizazi cha tatu, ramu GB 16. Natumia kutengeneza albamu za harusi na kuediti video za sendofu na kicheni pati hapa Temeke. Ilikuja na kadi ya grafiki ndani, AMD Radeon HD 7570 ya GB 1. Siku za karibuni kioo kinachora michirizi ya rangi, mara kinaganda kabisa, na feni ya kadi inakwaruza. Nimepata GTX 1050 Ti ya GB 4, mtumba pia, ile isiyo na tundu la waya wa umeme wa ziada, na muuzaji aliiwasha mbele yangu ikafanya kazi.

Sasa shida ni maneno ya watu. Jirani yangu anayetengeneza simu ananiambia nikiwa natoa kadi niache waya umechomekwa ukutani ili kuwe na ethi, yaani ule waya wa kwenda ardhini. Mwingine anasema niiweke sleep tu nichomoe niweke nyingine itajitambua yenyewe. Mi nimezima nikafungua kifuniko, nikajaribu kuinyanyua kidogo, upande wa nyuma wa kesi unanyanyuka ila upande wa mbele umegoma kabisa, nikaacha hapohapo nikarudisha kifuniko. Kazi za watu zimo humu sitaki kuua madabodi.

Naomba anayejua anielekeze: waya nitoe au niache, hiyo kadi imeshikwa na nini, na ule umeme wa mwilini wanaosema unaunguza vitu ni kweli au ni maneno? Alafu monita yangu ni ya VGA, kwenye kadi ya zamani natumia kile kiadapta cheupe cha DVI kwenda VGA.

Kibo_88

Mpelekee fundi mkuu, hela yake sio kubwa. Ukiunguza madabodi ndo gharama.

fundi_gerezani

Mimi ni fundi na bado sikubaliani na Kibo hapo juu. Kutoa kadi na kuweka nyingine mwenye mashine akielezwa vizuri anaifanya mwenyewe mezani kwake, tena kwa utulivu kuliko sisi wenye foleni ya watu dukani. Na umefanya vizuri sana kuacha ilipogoma. Kadi ikigoma ujue kuna kitu kimeishika, ukitumia nguvu ndo unang'oa sloti, lile tundu refu la madabodi ambamo kadi inakaa.

Lakini kabla ya yote fanya jambo moja litakalokuambia kama hiyo 1050 Ti unaihitaji kweli. 7010 ina tundu lake la VGA kwenye madabodi, angalia nyuma karibu na matundu ya USB, na ina DisplayPort mbili. Hiyo Core i5 ina grafiki ndani yake. Kadi ikiwa ndani hayo matundu ya madabodi huwa yanazimwa, ndo maana wengi wanadhani yamekufa. Sasa toa kadi ya zamani, USIWEKE nyingine, chomeka monita kwenye VGA ya madabodi, washa ufanye kazi kama kawaida muda wa kutosha. Michirizi ikiisha, mgonjwa ni kadi. Ikibaki na kadi iko nje, basi ni waya wa monita au monita yenyewe au ramu, na kadi mpya isingekusaidia chochote. Wateja wanakuja na kadi wameshanunua kumbe pini ya waya wa VGA imelala.

Ukiwa bado hujafungua mashine: kopi kazi za watu kwenye diski ya nje. Angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, kama imefungwa andika ule ufunguo wake wa kuokolea mahali nje ya hiyo kompyuta, maana ukibadilisha vifaa au BIOS (programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows) inaweza kukuomba ufunguo na usipokuwa nao mafaili yote yanabaki ndani. Na kama BIOS yako ni ya zamani sana iapdeti sasa hivi wakati mashine bado inaonyesha picha, kwa sababu kadi mpya kwenye BIOS ya zamani inaweza kukataa kutoa picha na hapo utakuwa huoni kitu cha kuapdeti. Ukiapdeti BIOS hakikisha una UPS, ile betri ya akiba, umeme ukikatika katikati ya hiyo kazi madabodi ndo inakufa kweli, hapo hata mimi sina maneno.

Umeme sasa. Anayekwambia uchomoe ikiwa sleep usimsikilize kabisa. Kwenye sleep ramu ina umeme na sloti ina umeme. Hata ukizima, madamu waya uko kwenye soketi na swichi iko on, pawasaplai inaendelea kutoa volti 5 za kusubiri, ndizo zinazofanya kitufe cha kuwashia kisikie kidole chako. Sloti za kompyuta za nyumbani hazikutengenezwa kuchomolewa zikiwa na umeme, kadi ikitoka kwa upande pini moja inaweza kugusa ya jirani yake, basi kazi imekwisha. Zima kabisa: shikilia Shift kwenye kibodi ukibonyeza Shut down, maana Windows ya siku hizi ukiizima kawaida huwa haizimi yote. Chomoa waya wa umeme nyuma ya kesi. Chomoa monita, netiweki, spika, USB zote, usiache hata kimoja, kwa sababu monita nayo iko kwenye umeme na inaleta wake kupitia waya wake. Alafu bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde kumi na tano. Ukiona feni imetaka kuzunguka ikaacha, ndo chaji iliyokuwa kwenye kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, inaisha.

Hiyo iliyokugomea mbele ni kibanio cha sloti. Laza kesi kwa ubavu juu ya meza madabodi iangalie juu, washa tochi ya simu, angalia mwisho wa sloti ndefu upande ulio mbali na nyuma ya kesi. Utaona kiplastiki kimeingia kwenye pengo la kadi. Kuna madabodi unabonyeza chini, kuna nyingine unasukuma pembeni. Kwenye hizi za Dell unakivuta kiende mbali na kadi hadi kiachie lile pengo. Kidole kimoja kinashika hapo, mkono mwingine unanyanyua kadi. Usitumie bisibisi kukisukuma, ikiteleza inachana nyuzi za madabodi, na nyuzi zile hazioni huruma.

Na nyuma ya kesi hutakuta skrubu kwenye bamba la kadi, kuna kilango cha plastiki kinachokandamiza mabamba yote, unakisukuma kwenda nje kinafunguka. Dell walikuwa wanapaka bluu sehemu nyingi unazotakiwa kugusa wewe mwenyewe, HP wanapaka kijani. Ukifungua mashine za ofisini tafuta rangi kwanza.

Kadi ishike kingo, mkono mmoja upande wa bamba na mwingine upande wa pili, inyanyue moja kwa moja juu pande zote mbili kwa pamoja. Usiyumbishe kulia kushoto. Ikikubali kidogo nyuma na mbele sawa, ila taratibu.

stima_kisauni

Salaam aleikum nyote. Mi ni fundi wa umeme wa majumba huku Mombasa, nitajibu hilo la waya pekee kwa vile naona ndilo linalogombaniwa.

Huyo jirani hakulitoa hewani hilo. Plagi zetu hizi za pini tatu, Kenya na Tanzania ni zilezile za Kiingereza, ile pini ndefu ya juu ni ya ethi, na swichi ya soketi inakata laini, waya unaoleta umeme, peke yake, ethi haikatwi. Kwa hiyo kwenye vitabu ukizima swichi ukaacha plagi ndani, kesi yako bado imeungwa na ardhi na umeme haupo. Kwenye nyumba iliyofungwa vizuri hilo ni kweli.

Sasa nenda kwenye nyumba zetu. Nafungua soketi nakuta waya wa ethi umekunjwa umesukumwa nyuma ya boksi haukuungwa popote. Nakuta laini na nyutro, waya wa kurudisha umeme, zimegeuzwa, hapo swichi inakata nyutro na laini inabaki hai mpaka kwenye pawasaplai yako huku wewe umeona swichi iko off ukaridhika. Nakuta ekstensheni za matundu ya kila aina hazina ethi ndani kabisa, ni nyaya mbili tu. Mtu mwingine kakata ile pini ndefu ipate kuingia kwenye adapta ya pini mbili. Wewe mwenye kompyuta huna namna ya kuyaona hayo kwa macho. Kwa hivyo jibu langu ni chomoa, tena chomoa kwenye kesi yenyewe, ule waya uuone kwa macho yako uko mezani.

Kuna alama moja ya kukosa ethi ambayo wengi wanayo majumbani hawajui maana yake. Ukigusa chuma cha kesi ikiwa imechomekwa, hasa uko pekupeku, unahisi mtekenyo au kama kinakung'ata kidogo. Ndani ya pawasaplai kuna vikapasita vya kuchuja makelele ya umeme, vimeungwa kutoka kwenye laini na nyutro kwenda kwenye chuma cha kesi. Ethi ikiwepo ule umeme mdogo unashuka ardhini husikii kitu. Ethi isipokuwepo kesi inakaa na karibu nusu ya volti za ukutani, mkondo wake ni mdogo haukuui, ila kesi ikiwa hivyo halafu ukachomeka waya wa HDMI uliounganishwa na tivi, umeme huo unapita kwenye tundu la kadi. Ndio maana matundu ya HDMI yanakufa na mtu haelewi kafanya nini. Kwa hivyo ukishafunga kadi mpya, unganisha kwanza waya wa monita, ukaze, umeme uwe wa mwisho kabisa. Na muite fundi akutazamie ethi yako, hata kama kompyuta imepona.

Pawasaplai usiifungue kwa sababu yoyote. Ile inashika chaji hata baada ya kuchomolewa.

mchapaji_tmk

Asanteni sana wakuu, hii ya kung'ata ipo kwangu na nilikuwa najua ni kawaida ya kompyuta. Nitatafuta fundi aangalie soketi.

Kibanio nimekiona, ni kweli kilikuwa kimeingia kwenye kadi. Nimefanya kama fundi alivyosema, kadi imetoka bila tabu. Sasa hivi naandika nikiwa natumia VGA ya madabodi, nimeshinda nayo tangu asubuhi hakuna mchirizi hata mmoja. Kwa hiyo ni kadi.

Kabla sijaweka mpya: pawasaplai imeandikwa wati 275, itatosha? Na swali la umeme wa mwilini bado halijajibiwa, nikisoma mtandaoni wanasema ninunue mkanda wa mkononi sijui nitaupata wapi.

kadi_na_pini_dodoma

Kaka hilo la umeme tuli niachie mimi, maana niko Dodoma na huku kiangazi hewa inakauka ukivua sweta gizani unaona cheche. Ni kweli sio maneno. Mwili wa mtu unaanza kuusikia ule mshtuko ukifika kama volti 3,000 hivi. Vipande vya ndani ya kadi na ramu vinaweza kuumia kwa volti mia kadhaa, vingine chini ya hapo. Maana yake unaweza kuumiza kadi na wewe mwenyewe usisikie kitu chochote. Na ubaya wake hauonekani siku hiyo, kadi inawaka, inafanya kazi, alafu inaanza kuzingua baadae na hakuna atakayekumbuka siku ile ulipoishika.

Dar na Mombasa hewa ina unyevu, chaji haikai sana mwilini, ndo maana mafundi wengi wa pwani wanashika madabodi hivihivi na hawaoni shida. Ila chumba chenye AC inayofanya kazi siku nzima kinakauka, na zulia la nailoni ni zulia la nailoni popote. Fanyia kazi mezani, meza ya mbao ni nzuri, sakafu tupu, uvae pamba, usivae jaketi la nailoni wala soksi kwenye zulia.

Kuhusu mkanda: ukiupata ufunge mkononi na kile kiklipu chake ukibane kwenye chuma kitupu cha kesi, sehemu isiyo na rangi. Usipoupata sio mwisho wa kazi. Kinachotakiwa ni wewe na kesi na kadi muwe na chaji sawa, hata kama hamjaungwa na ardhi, maana umeme unaruka pale tu panapokuwa na tofauti. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote ndani, shika chuma kitupu cha kesi kwa mkono mzima. Ukiwa unafanya kazi egemeza mkono wa kushoto kwenye chuma. Ukiinuka kwenda kunywa maji ukirudi shika tena. Kadi mpya ikiwa bado kwenye mfuko wake, weka mfuko ugusane na kesi kwanza, shika kesi, ndo uitoe. Hata huyo fundi umeme akisema ethi yako ni mbovu, njia hii haitegemei ethi.

Na ile mifuko ya rangi ya fedha: inalinda kitu kilicho NDANI. Watu wanaitandaza mezani wanaweka kadi juu yake na wengine wanawasha mashine madabodi ikiwa juu ya mfuko, ile mifuko inapitisha umeme kwa nje, usiwashe kitu juu yake.

Kabla ya kuifunga hiyo ya mtumba itazame meno yake ya dhahabu. Yakiwa na weusi au mafuta ya vidole chukua kitambaa kisichotoa manyoya, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, futa kwa kwenda upande mmoja, acha ikauke yenyewe. Najua mafundi wengi wanatumia raba ya penseli. Inasafisha kweli ila inakwangua dhahabu kidogo kidogo na vile vipande vyake vinaingia kwenye sloti, mimi sipendi, labda meno yamechafuka sana alkoholi imeshindwa. Sloti yenyewe ipulize vumbi kwa bloa au brashi laini iliyokauka, usiipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Ukipuliza feni ya kadi izuie kwa kidole isizunguke.

fundi_gerezani

Dada umemaliza, hiyo ya raba tutabishana siku nyingine.

Mkuu wati 275 zinatosha kwa hiyo kadi uliyoichukua. Sloti ndefu ya PCI Express inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, na 1050 Ti ya kawaida imetengenezwa ikae ndani ya hizo 75, ndo maana haina tundu la waya. Core i5 nyingi za kizazi hicho ni wati 77, ongeza diski na feni na madabodi, bado una nafasi. Ila kuna 1050 Ti za kampuni nyingine zina tundu la pini sita, na kadi kubwa zaidi zinataka pini nane. Ungekuwa umenunua hizo, pawasaplai ya 7010 haina huo waya, na hapo watu ndo wanauziwa kile kiadapta kinachotoa umeme wa diski za SATA kwenda pini sita. Niseme kwa herufi kubwa ili anayesoma baadae aone: USIKITUMIE. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila pini inabeba ampia moja na nusu, piga hesabu ni wati 54 tu. Pini sita inaruhusiwa kuvuta 75. Ile plagi inayeyuka na ikiyeyuka inawaka. Vilevile kwa wenye pawasaplai kubwa, ile plagi ya pini nane ya prosesa na ile ya pini nane ya kadi zinafanana ila nyaya zake zimepangwa kinyume, soma maandishi kwenye plagi, ukiona inataka kulazimishwa toa.

Kufunga sasa. Hiyo 1050 Ti kama ni nene inachukua nafasi mbili nyuma, kwa hiyo toa na lile bamba tupu la jirani kabla hujaingiza. Irudishe sloti ileile ilipokuwa ya zamani, kuna nyingine kwenye 7010 ina urefu uleule lakini njia zake za data ni nne badala ya kumi na sita. Sogeza nyaya za SATA zisije zikaingia kwenye feni. Lenga meno na sloti, hakikisha ule ulimi wa chini wa bamba unaingia kwenye mwanya kati ya kesi na madabodi, alafu kandamiza kwa vidole gumba juu ya kingo ya kadi, mbele na nyuma sawa, hadi usikie kibanio kimelia tik. Ukiangalia kwa pembeni meno ya dhahabu yasionekane, au uone mstari mwembamba ulionyooka sawa mwanzo hadi mwisho. Ukiona upande mmoja umeinuka, toa rudia. Ndo ufunge kile kilango cha nyuma.

zanji_draiva

Naongezea la programu maana wote mmeliruka. Unatoka AMD unaenda NVIDIA, draiva za AMD, yaani programu zinazoendesha kadi, zikibaki zinaweza kugombana na mpya. Kwa kuwa sasa hivi uko kwenye VGA ya madabodi ndo wakati mzuri, daunlodi Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva za kadi, wengi wanaiita DDU, na draiva ya NVIDIA ya 1050 Ti kutoka kwenye tovuti yao yenyewe uiweke tayari kwenye flashi. Chomoa intaneti ili Windows isikuwahi kuweka draiva yake. Ingia sefu modi, endesha DDU uchague AMD, uchague ile ya kusafisha na kuzima. Ikizima ndo unafunga kadi mpya. Ukiwasha kioo kitakuwa na maandishi makubwa makubwa, usishtuke, weka draiva, restati.

Na kuhusu monita yako ya VGA, hapo utakwama. Kile kiadapta cheupe kinafanya kazi kwa sababu tundu la DVI la kadi ya zamani lina pini nne zinazozunguka lile jino bapa, hizo ndo zinabeba ishara ya analogi. Tundu la DVI la 1050 Ti halina hizo pini nne, linatoa dijitali tu, kiadapta chako hata kuingia hakitaingia, usikilazimishe wala usikate pini kama wengine wanavyofanya maana picha haitakuja. Tafuta adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani, ziko nyingi madukani.

mchapaji_tmk

Nimefanya yote mpaka DDU, adapta ya HDMI nimenunua. Nimefunga kadi nimeunganisha monita kwanza alafu umeme, kuwasha feni ya kadi inazunguka ila kioo cheusi na mashine inapiga biipu sita inanyamaza, inarudia. Nimechomoa umeme nasubiri neno lenu.

fundi_gerezani

Vizuri kuchomoa. Kwenye Dell za wakati huo biipu sita ni kadi ya grafiki, kwa hiyo mashine yenyewe ni nzima na imejaribu kuiona kadi ikashindwa. Feni kuzunguka kunaonyesha umeme umefika, ila pini za data ziko upande wa mbele zaidi wa sloti na ndo upande unaopenda kuinuka. Chomoa nyaya zote kama mwanzo, kitufe sekunde kumi na tano, shika kesi, toa kadi. Angalia ule ulimi wa bamba niliokwambia. Mara nyingi umekalia ukingo wa kesi badala ya kuingia kwenye mwanya, ukifunga kilango cha nyuma kinavuta bamba chini na upande wa mbele unanyanyuka bila wewe kuona. Ukifunga tena, funga kilango KWANZA alafu tazama meno kwa tochi kabla ya kuwasha.

mchapaji_tmk

Ni kweli ulimi ulikuwa juu ya ukingo. Nimenyoosha nikaingiza, kibanio kimelia, meno hayaonekani, nimewasha imekubali. Draiva ya NVIDIA imekaa, Windows inasoma 1050 Ti GB 4. Nimerenda video ya kicheni pati ya dakika kama arobaini, kasi ni tofauti kabisa na zamani.

Hii ya AMD niitupe? Na joto la kawaida ni ngapi, maana kesi hii ni ndogo.

kadi_na_pini_dodoma

Usiitupe kwanza. Iweke kwenye mfuko uliokuja na hiyo mpya, usiifunge kwenye nailoni ya sokoni wala lile povu jeupe la katoni, yote mawili yanatengeneza chaji. Feni inayokwaruza na michirizi vinaweza kuwa ni joto tu, feni ikizunguka vibaya chipu inapikwa. Fungua skrubu za hitisinki, kile chuma cha kupoozea chipu, futa themo pesti iliyokauka, ule uji wa kupitisha joto, weka mpya, weka feni nzuri, ijaribu. Ikiendelea kuchora michirizi ikiwa baridi basi memori yake imekufa, hapo mpe fundi achukue spea.

fundi_gerezani

Joto: 1050 Ti kikomo chake cha NVIDIA ni nyuzi 97, lakini usisubiri huko. Ukiwa unarenda ikikaa 65 hadi 75 kwa hewa ya Dar ni sawa kabisa. Ikipita 85 fungua kifuniko uangalie kama kuna waya umeegemea feni, au matundu ya hewa ya mbele ya kesi yamejaa vumbi, maana 7010 inavuta hewa kutoka mbele na watu wanaisukuma hadi ukutani au wanaweka rundo la karatasi mbele yake. Wewe ni mchapaji, najua karatasi hazikosekani hapo. Na kile kifuniko kirudishe, usiiache wazi ukidhani inapoa, vumbi la Temeke litaingia na upepo wa feni hautapita pale ulipopangiwa kupita.

stima_kisauni

Na ile ethi usiisahau kaka, sasa una kadi ya kuilinda.